Mwenda wa Bayeke: disiki ya miaka kumi, kazi ya maisha

Ngambo ya mupaka wetu, mu Zambia, njo Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke alikufia mu aksida ya motokari, mwezi wa 9, mwaka 1990. Bazee bengi ba Katanga banamukumbuka. Bakijana bengi wa leo, hata jina hawalijui. Tuliongee kidogo, sababu huyu alikuwa mutu wa kwetu na mutu wa kazi kama sisi.

Alizaliwa mwaka 1930 ku Bunkeya, mji wa Bayeke. Mwaka 1952, muzungu Hugh Tracey, mwenye alikuwa akizunguka Afrika kushika sauti za miziki, alimukuta ku Jadotville, njo Likasi ya leo. Mwenda alikuwa na gitare moja tu, bila umeme. Lakini kidole gumba kilipiga besi, kidole cha pili kikapiga sauti ya juu, na musikilizaji akazania gitare ni mbili. Toka siku hiyo, wimbo wake «Masanga» ukatembea mpaka mbali. Na aliimba mingi mu Kiswahili, luga ya kambi za bafanyakazi.

Mwisho wa miaka ya 1950 akaitwa Nairobi. Kule akapigia radio, na muziki wake ukasaidia kuuzisha Aspro, dawa ya kichwa. Ndugu yake Edouard Masengo naye akaenda, yeye kwa upande wa Coca-Cola. Bapiga gitare ba Kenya bakajifunza kwao.

Halafu? Ile njia ya disiki haikurefuka. Mu bar, gitare ya umeme na orkestra za rumba zikachukua nafasi. Mutu mumoja na gitare ya mbao akaonekana wa zamani. Mwenda hakukaa kulia. Alifanya kazi ku banki, kisha ku Gécamines. Akasimamia orkestra, akafungua hoteli karibu na mupaka wa Zambia. Tunajua sababu: wimbo haulete mushahara kila mwisho wa mwezi, na batoto banakula kila siku.

Lakini kazi haikuua mukono wake. Mwaka 1969 alipiga ku festivale ya Newport, Marekani. Mwaka 1988 akashika tena nyimbo mu studio ya Cape Town. John Low wa Uingereza na Elijah Wald wa Marekani bakasafiri mpaka Lubumbashi, bakakaa chini kujifunza vidole vyake.

Hapo njo roho inatuuma. Mugeni alipanda ndege kutafuta kitu chenye kilikuwa kwa jirani yetu. Shaba ikitoka, tunahesabu tani. Sauti ikitoka, nani anahesabu?

Basi, baba mwenye disiki ya zamani mu sanduku, usiitupe kwa sababu mashine imeharibika. Mama mwenye kukumbuka wimbo, uimbie bajukuu. Na wewe kijana, kama mu kambi yenu kuko muzee mwenye kujua ile gitare ya vidole viwili, umufikie leo. Telefone yako inaweza kushika sauti yake. Tracey alihitaji motokari mzima ya mashine; wewe unaibeba mu mufuko.