Tundu la bolti likilika, injini bado haijafa

Asubuhi, kabla pikipiki haijaondoka nyumbani kwenda kijiweni, tazama chini yake. Doa jeusi la oili kwenye mchanga si la kufagia na kupita.

Kijana mmoja jirani yangu hapa Chuno alilifagia siku tatu mfululizo ili mama yake asilione. Pikipiki ni ya mkataba, na hesabu ya tajiri hutakiwa kila jioni. Alikuwa amebadilisha oili mwenyewe, akaikaza bolti ya chini kwa nguvu zake zote mpaka ikaanza kuzunguka bure. Akaogopa kusema. Akapaka gundi. Siku ya nne, akiwa njia ya Mikindani na abiria, injini ikanoki. Kazi ambayo ingemaliza asubuhi moja kwa fundi ikageuka deni la nyumba nzima.

Bolti ile ni ya chuma, lakini bodi ya injini ni ya aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Ukilazimisha, meno yanayokatika ni ya tundu, si ya bolti. Kwetu pwani kuna adui mwingine: chuma na aluminiamu zikigusana penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa. Na pikipiki nyingi ndogo hubeba oili ya lita moja hivi tu, kwa hiyo matone ya usiku kucha si kitu kidogo.

Gundi, uzi au kipande cha nailoni havitengenezi meno. Injini ikipata moto na kutikisika, vinaachia. Matengenezo ya kweli ni ya namna tatu.

Kama meno yamejeruhiwa kidogo, fundi huyasafisha kwa tapu, yaani kile chuma kigumu cha kuchongea meno. Kama yamekwisha lakini ukuta wa tundu ni mnene, hulipanua kwa drili, huchonga meno mapya na kuweka bolti nene zaidi. Njia ya tatu ndiyo bora: tundu likishapanuliwa na kuchongwa, huingizwa bushi au springi ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Ndani ya springi hiyo bolti ileile ya zamani hurudi, na meno yake ni magumu kuliko ya kwanza.

Mpelekapo pikipiki, ulizeni mambo mawili. Kwanza, chenga za aluminiamu zitatolewaje? Fundi makini hupaka grisi kwenye tapu ili izinase, hurudisha tapu nyuma kidogo kila nusu mzunguko, kisha husuuza injini kwa oili kabla ya kujaza mpya. Chenga zikibaki ndani, zitakwangua vyuma vingine. Pili, bolti mpya ina meno sawa na tundu? Bolti mbili za milimita 12 zinaweza kutofautiana: moja ina milimita 1.25 kati ya jino na jino, nyingine 1.5. Isiyo yake huingia mizunguko michache kisha hugoma. Ukiilazimisha hapo, ndipo unapoua tundu.

Kinga ni rahisi. Anza kufunga bolti kwa vidole, bila spana. Ikigoma, irudishe na uanze upya. Weka washa mpya, kisha kaza kwa spana fupi mpaka ishike; usiongeze bomba kwenye mpini.

Nyumbani nako kuna la kufanya. Kijana akijua kwamba atakayesema "bolti inazunguka" hatapokelewa kwa matusi, atasema siku ya kwanza. Mama wa jirani yangu aliniambia kilichomuuma si fedha, bali kwamba mwanawe alimwogopa yeye kuliko kuua injini. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.