Mlango Wazi, Ufunguo kwa Nani?

Uhuru wa kusema kila mtu huutaka kwa ajili ya ulimi wake, na ni wachache waukumbukao kwa ajili ya sikio la mwenziwe. Zogo hilo limeingia katika mabaraza ya intaneti, na yatupasa tulitazame, kwani vijana wetu, na hata sisi wazee wao, tumo humo usiku na mchana.

Mabaraza tuliyoyazoea, kama Facebook, ni nyumba moja kubwa yenye mwenyewe. Yeye hutunga sheria, na yeye humtoa nje amtakaye. Lakini iko namna nyingine. Mwaka 2016 kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, alianzisha Mastodon, ambayo naweza kuifananisha na mtaa. Kila nyumba ina mtambo wake, yaani seva, ina msimamizi wake na sheria zake. Hata hivyo wa nyumba hii huzungumza na wa nyumba ile, kwa kuwa wote hufuata utaratibu mmoja uitwao ActivityPub, uliopitishwa na shirika la W3C Januari 2018.

Basi, wasomaji wangu, akiingia mtaani mtu wa fitina, nani amzuie?

Jawabu la kwanza lilipatikana Julai 2019. Gab, mtandao wa Marekani uliokuwa kimbilio la watu wa chuki, ulihamia programu ya Mastodon. Miezi michache nyuma, Oktoba 2018, mtu aliyewaua waumini 11 katika sinagogi la Pittsburgh alikuwa ametangaza nia yake humo humo Gab. Programu yenyewe ni ya bure na kila mtu aruhusiwa kuichukua, hivyo hata Rochko hakuwa na uwezo wa kuwanyima. Lakini majirani walifunga milango, nyumba baada ya nyumba, bila ya amri ya serikali wala ya tajiri yeyote. Gab walibaki na nyumba yao na maneno yao, ila wasikilizaji mtaani hawakuwapata.

Hapo mtu aweza kusema kwamba dawa imepatikana. Ngoja kwanza.

Juni 2023 watu wengi waliihama Reddit kwa ugomvi wa bei, wakaingia katika mtaa mwingine wa namna hii uitwao Lemmy. Mlikuwa na nyumba iitwayo Beehaw, ambayo mtu hawi mwenyeji wake mpaka aandike maombi. Jirani yake, lemmy.world, aliacha mlango wazi kwa kila apitaye. Wakorofi walipitia kwa jirani wakaja kuchafua Beehaw, na wasimamizi wake, watu wachache wanaojitolea, wakalemewa. Wakakata uhusiano na nyumba nzima. Maelfu ya watu wasiotenda kosa lolote walijikuta nje pamoja na wakorofi. Wasimamizi wenyewe walilalamika kwamba zana walizopewa hazikuwatosha.

Mimi siwalaumu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini pia hasira, hasara. Katika Mastodon iko hatua ya katikati: nyumba yenye matata hupunguziwa sauti, maneno yake yasiwafikie ila wale waliochagua kuyafuata. Kukata kabisa kuna madhara, kwani urafiki uliokatwa haurudi wenyewe hata mlango ukifunguliwa tena. Kwa hiyo insafu yataka mtu aadhibiwe kabla ya nyumba yake, sauti ipunguzwe kabla ya kukatwa, na sababu iandikwe wazi ili wenyeji waijue.

Liko jambo jingine litugusalo sisi Waswahili. Hakimu lazima ajue lugha. Matusi yetu mara nyingi hayana neno chafu hata moja. Mwanamke hujifunga leso yenye jina lake, akapita mlangoni kwa jirani, na ujumbe ukafika. Mipasho ya taarabu ni vivyo hivyo. Msimamizi aliyeko Berlin atasoma fumbo hilo aone ni methali njema, na pengine mzaha wa watani ataudhani ni ugomvi. Katika mtaa wa nyumba nyingi, Waswahili waweza kuwa na nyumba yao, na mwamuzi anayejua fumbo ni nini na utani ni nini.

Lakini nyumba hiyo haijengwi kwa maneno. Mtambo una gharama ya kila mwezi, na msimamizi ni mtu mwenye kazi na watoto, atakayeamshwa usiku kusoma uchafu ili wengine wasiusome. Wanaodai baraza lililo wazi na lenye adabu, na watoe mchango, na wakubali kushika zamu.