Kujikweza na Kukwezwa: Maneno ya Kiburi na Funzo la Likasi

Makala hii fupi inachunguza maneno ambayo Kiswahili huyatumia kumweleza mtu anayejithamini kupita kiasi, kisha inayapima kwa historia ya mji wa Likasi, Katanga.

Aghalabu maneno hayo huangukia mafungu mawili. La kwanza ni nomino zenye asili ya Kiarabu, kama kiburi na takaburi, zitokanazo na mzizi k-b-r wenye maana ya ukubwa. La pili ni vitenzi vyenye kiambishi rejeshi -ji-: kujiona, kujisifu, kujidai, kujikweza. Kuona, kusifu, kudai na kukweza, yaani kupandisha, si makosa. Kosa huzaliwa pale mtenda na mtendwa wanapokuwa mtu mmoja: anayejisifu amejifanya hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Hata hivyo, wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa chanzo cha kiburi si nafsi, bali ni sifa zinazotoka kwa wengine. Historia ya Likasi, mji wa migodi uliojulikana kwa jina la Jadotville hadi mwaka 1966, inalithibitisha jambo hilo. Katika Kongo ya Wabelgiji, makarani, walimu na wauguzi wa Kiafrika waliitwa évolués, yaani “walioendelea”. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia. Mwaka 1952 ikaongeza daraja la juu zaidi, ambalo mwombaji wake alichunguzwa mpaka nyumbani, jinsi anavyoishi na anavyokula. Waliofaulu walikuwa wachache. Waliobaki chini ya kipimo hicho waliitwa basenji, ambayo ni washenzi kwa matamshi ya Kongo.

Jirani aliyemwona mwenye kadi akipita angeweza kusema, “Huyu anajiona.” Huenda alisema kweli. Lakini kauli inayoeleza hali yote ni ya kutendwa: mtu huyo alikwezwa. Kiambishi -ji- humtia hatiani aliyepanda ngazi, kikamficha aliyeitengeneza na kuamua nani apande.

Kwa hiyo, mtafiti wa maana asiishie kwenye kamusi. Anaposikia “anajiona”, hana budi kuuliza nani anayesema, na nani aliyemweka msemwa pale alipo.