Ombi lake nililidhania amri

Miaka michache iliyopita nilimkosesha mwanafunzi wangu nafasi ya kazi kwa sababu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza. Kosa lilikuwa langu, na ninalisimulia hapa kwa kuwa naamini si mimi peke yangu niliyelitenda.

Msichana huyo alikuwa akiishi Kangemi. Asubuhi moja, matatu aliyoabiri ikiwa imekwama katika msongamano wa Waiyaki Way, aliniandikia barua pepe kwa simu yake. Mahali pa mada aliacha wazi. Aya ya kwanza ilinijulia hali, mimi na jamaa yangu, ikanitakia kazi njema. Aya ya pili ilinishukuru kwa mihadhara ya muhula uliopita. Haja yenyewe ilikuja mwishoni: "You write for me a recommendation letter. You send it before Friday."

Nilighadhibika. Mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nilijiuliza ni nani huyu anayenituma kama tarishi, nikaiacha barua bila jibu. Jumatatu iliyofuata alifika ofisini kwangu katikati ya jiji. Alibisha hodi, akasimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Samahani, Mwalimu. Nilikuwa naomba uniandikie ile barua, uitume leo ikiwezekana." Hapo ndipo nilipotanabahi. Maneno yaliyonichoma siku ile ndiyo haya haya niliyokuwa nikiyasikia sasa, nami sikuona ndani yake ila unyenyekevu. Barua niliiandika papo hapo, lakini muda ulikuwa umepita na nafasi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine.

Je, adabu ya msichana huyo ilipotelea wapi njiani? Tutazame sarufi. Katika Kiswahili, anayesema "Andika!" ameamuru. Anayesema "Uandike" amelainisha kauli, na anayetanguliza "naomba" hana wa kumlaumu. Sehemu kubwa ya heshima yetu imo katika irabu ile ya mwisho, -e, ambayo mzungumzaji huitamka bila hata kuifikiria. Mwanafunzi wangu alifasiri neno kwa neno, lakini ile -e haikupata pa kukaa katika Kiingereza. Kilichosalia ni "You write", nayo kwa sikio la Mwingereza ni amri ya mkubwa kwa mdogo.

Hata salamu zilimponza. Kwetu sisi, kuingia katika haja bila kujuliana hali ni utovu wa adabu. Lakini mtu anayepokea barua nyingi kwa siku, na anayesoma kwa kawaida za Kiingereza, huitafuta haja kwanza. Kwake yeye, kumhifadhia mwenzako wakati ni heshima. Kwa hiyo mwanafunzi alitumia aya mbili nzima kunistahi, nami nikazipita mbio kutafuta alilolitaka, na nilipolifikia nikalikuta limevaa vazi la amri.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1978 na kuutoa tena kama kitabu mwaka 1987, walilinganisha Kiingereza, Kitamil cha India na Kitzeltal cha Meksiko. Walieleza kwamba kila mtu ana uso wa kijamii anaotaka usivunjwe, na kwamba kuomba ni kuuhatarisha uso huo, kwa sababu unayemwomba unampunguzia uhuru wake. Waswahili hawangeshangazwa na fikira hiyo, kwani walikwisha kusema kuwa uso umeumbwa na haya. Tofauti baina ya lugha ni kule zinakoiweka ile stara.

Kiingereza huiweka katika swali. "Could you write me a letter?" humwachia msomaji mlango wa kutokea. Hata hilo "could" lina siri yake: ni umbo la wakati uliopita, ingawa jambo lenyewe halijatendeka. Kauli husogezwa nyuma kidogo ili isimkabili mtu ana kwa ana. Wanafunzi wengi huliona jambo hili kuwa geni, ilhali wanalitenda kila siku. Msichana yule hakuniambia "naomba" bali "nilikuwa naomba", na ombi lake lilikuwa la dakika ile ile. Laiti mwalimu wake angalimwonyesha kwamba "nilikuwa naomba" na "I was wondering if you could" ni ndugu, asingalihitaji kukariri orodha ya misemo ya adabu.

Kwa hiyo nawausia wanafunzi hivi. Andika mada inayomweleza msomaji jambo kabla hajaifungua barua, kwa mfano "Request for a recommendation letter by Friday". Salamu iwe mstari mmoja. Jitambulishe kwa sentensi moja: jina, kozi na mwaka, kwa maana mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kukutambua kwa jina la kwanza. Kisha uliza: "Could you please write me a letter for an internship? The closing date is Friday." Tarehe ikitajwa kama habari, msomaji huiona haraka yako bila kuhisi umemwekea makataa. Malizia kwa shukrani, nawe umetimiza wajibu wako.

Wapo waliokwisha kung'amua hatari hii wakakimbilia upande wa pili. Hao huandika wakiomba kwa unyenyekevu mkuu mbele ya ofisi tukufu, hata haja ikafukiwa na sifa. Barua isiyoeleweka haiwezi kuitwa ya heshima, kwa sababu inamlazimisha msomaji kufanya kazi ambayo mwandishi ameikwepa. Neno "kindly" nalo lina mambo yake. Kati ya ofisi moja ya Westlands na nyingine halimuudhi mtu. Ni Kiingereza chetu na hakina dosari. Lakini baadhi ya wasomaji wa Uingereza na Marekani huhisi ndani yake uchovu wa mtu aliyeanza kupoteza subira. Anayewaandikia hao na atumie "please" au, bora zaidi, swali.

Kwa walimu wenzangu nina neno. Shuleni tunafundisha umbo la barua pepe: inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, tarehe na mada. Tunasahihisha tahajia na nyakati za vitenzi. "You send it before Friday" haina kosa la tahajia, na mwanafunzi anaweza kufaulu mtihani akaiandika vivyo hivyo maisha yake yote. Tumwekee "Unitumie" na "Could you send me" ubaoni pamoja, tumuulize ni wapi heshima imekaa katika kila moja.

Mwisho, nasi tunaopokea tuna deni letu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Msichana yule angaliweza kuniandikia kwa Kiswahili, lakini sikuwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba mlango huo uko wazi. Sasa huwaambia katika mhadhara wa kwanza. Na barua ya Kiingereza ikiniamuru, kabla sijakasirika huirejesha kimyakimya katika Kiswahili na kuisikiliza upya. Mara nyingi husikia "naomba".