Kusomea Uzamivu Maabara ya Serikali (2): Sampuli ni ya Nani?

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kulivyozifanya nchi zetu ziunde taasisi zao za utafiti. KEMRI ya Kenya na NIMR ya Tanzania zote zilianzishwa kwa sheria mwaka 1979. Tulisema pia kwamba taasisi za aina hii zilianzishwa ili zilitumikie taifa, wala si kwa ajili ya kutunuku shahada. Ndiyo maana anayefanyia humo utafiti wa uzamili au uzamivu huwa na kitambulisho cha chuo mfukoni na ufunguo wa maabara ya serikali mkononi. Leo tuingie ndani.

Wengi hudhani kinachompeleka mwanafunzi huko ni mashine. Mashine zipo, lakini vyuo vyetu vikubwa navyo vina mashine za PCR na friza za nyuzi 80 chini ya sifuri. Kisichopatikana chuoni ni miaka. Uzamivu huchukua miaka 3 au 4, ikizidi sana 6, ilhali magonjwa ya mimea na ya watu hayafuati kalenda ya chuo.

Chukua mfano wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Mwaka 1936, H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha kilimo kilichokuwa huko, alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Yeye na wenzake waliuchanganya muhogo na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa Ceara, ili wapate mbegu inayostahimili ugonjwa huo pamoja na ule wa batobato. Kazi hiyo iliendelea hadi miaka ya 1950, ikipita kutoka mtafiti mmoja hadi mwingine, na vizazi vya mihogo ya Amani vilifika hadi Nigeria. Hakuna mwanafunzi ambaye angeweza kuianza na kuimaliza ndani ya tasnifu yake. Lakini anayesomea uzalishaji wa mbegu za muhogo leo, ameandikishwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na anafanya kazi katika kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania, anaanzia pale walipoishia waliomtangulia.

Kilifi, pwani ya Kenya, nako ni hivyo hivyo. Mpango wa utafiti ambao KEMRI huuendesha pamoja na mfuko wa Wellcome wa Uingereza ulianza mwaka 1989, na tangu mwaka 2000 unafuatilia kaya zilizomo katika eneo la kilomita za mraba 891: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Ni watu zaidi ya robo milioni, na taarifa zao huunganishwa na za wagonjwa wanaolazwa hospitali ya kaunti. Mwanafunzi anayechunguza homa ya mapafu ya watoto hukuta swali lake limeshajibiwa nusu kabla hajashika kalamu. Baadhi ya wanaosomea uzamivu pale wamesajiliwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, na kituo chenyewe kimekubaliwa na chuo hicho kuwa mahali pa kufanyia utafiti. Wala tusidhani utaratibu huu wa kusomea nje ya chuo ni wa nchi maskini tu. Taasisi za taifa za afya za Marekani, zilizoko Bethesda, nazo hupokea wanafunzi wa uzamivu ambao shahada zao zitatoka vyuoni kwao.

Sasa tuje kwenye utata. Damu iliyomo ndani ya friza haikutolewa kwa ajili ya tasnifu ya mtu. Mama aliyekubali mwanawe atolewe damu alisomewa fomu, na fomu ile ilitaja kazi maalumu. Mwanafunzi akija na swali jipya, hata kama chupa iko mbele yake na haina mwenyewe anayelalamika, lazima arudi kwenye kamati ya maadili. Mara nyingi kamati ni mbili, moja ya chuo na moja ya taifa. Kwa Tanzania Bara, kibali cha kitaifa cha maadili kwa tafiti za afya hutolewa kupitia NIMR, na mgeni kutoka nje huhitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina utaratibu wake. Nchini Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na tume ya NACOSTI. Sampuli ikitakiwa kuvuka mpaka ili ikasomwe vinasaba ughaibuni, patahitajika mkataba wa kuhamisha sampuli, na hapo miezi huyeyuka.

Wanafunzi huulalamikia mlolongo huu, na uzito wake naujua. Hata hivyo, kosa huwa si la kamati peke yake. Vyuo vingi huendelea kumfundisha mwanafunzi kuandika andiko la utafiti kana kwamba sampuli ni mali yake, kisha humwacha agundue mwenyewe, mwaka wa pili, kwamba sivyo.

Umiliki wa data ni mgumu zaidi, kwa sababu hauna friza ya kuonyesha. Taasisi husema data ni ya taifa na mradi bado unaendelea. Chuo husema tasnifu lazima iwekwe maktaba, isomwe na kila mtu, na vyuo vingine hudai pia makala iliyochapishwa katika jarida kabla ya utetezi. Aliye katikati ni kijana ambaye hawezi kumlazimisha yeyote.

Kuna tatizo la msimamizi pia. Kanuni za vyuo vingi humtaka msimamizi mkuu awe mwajiriwa wa chuo. Yule mtafiti mwandamizi wa maabara, anayemfundisha mwanafunzi kusafisha RNA na kumkemea kwa daftari lisilo na tarehe, huandikwa wa pili, na wakati mwingine hutajwa kwenye shukrani tu. Naona si haki. Dawa yake si ngumu: chuo kimpe uhadhiri wa heshima na sauti sawa katika kikao kinachopitisha kazi.

Mwanafunzi naye akumbuke kwamba maabara ya serikali ina bwana mwingine. Mwaka 2020 maabara za KEMRI, na ile ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, ziliingizwa katika upimaji wa korona. Aliyezitegemea mashine hizo hakuwa na la kufanya ila kusubiri. Ada ya chuo haisubiri.

Aliye salama kuliko wote, kwa kumtazama, ni mwajiriwa wa taasisi aliyepewa ruhusa ya masomo. Ana mshahara, anazijua itifaki, na mlinzi anamfungulia geti bila kuuliza. Lakini huyu ndiye anayebanwa zaidi, maana msimamizi wake ndiye pia mkuu wake wa kazi. Akimpinga kuhusu tafsiri ya matokeo, anampinga mtu anayejaza fomu ya kumpandisha cheo. Kwa mwanafunzi wa hali hiyo, msimamizi wa chuoni si mapambo. Ndiye mtu pekee mwenye uwezo wa kusema hapana kwa niaba yake.

Yote haya yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja kabla sampuli ya kwanza haijaguswa: ni chupa zipi zitatumika, na kwa kibali kipi, data ikae wapi na itoke lini, jina la nani litangulie kwenye makala, na kwamba maabara ikiitwa kwenye mlipuko wa ugonjwa, muda wa masomo uongezwe bila adhabu. Usainiwe na pande tatu: mwanafunzi, chuo na taasisi. Hati za ushirikiano kati ya chuo na taasisi zipo, lakini nyingi hutiwa saini na wakuu kwa maneno mapana, na mwanafunzi hazioni.

Sehemu ya tatu itazungumzia fedha: nani hulipia vitendanishi mradi wa mfadhili unapokwisha na tasnifu bado.