Tumefunga kikao, lakini nani atafanya nini?



Namna ya kuanza kikao tunaijua wote. Kuna sala, kuna kujulishana, kuna mambo ya kuzungumzia yameandikwa ku ubao. Lakini mwisho hatuupangi. Jua linashuka, wamama wanafikiri chakula cha jioni na njia ya kurudia, mwingine ameisha kusimama, na prezida anasema: « Kama hakuna neno ingine, tufunge. » Tunapiga makofi, tunaachana.

Sisi agronomu tunafanya vilevile. Kosa tunalowaelezea hapa ni letu wenyewe.

Msimu mmoja tulikuwa na kikundi cha watu 32 katika gurupoma moja ya Kabare. Shida ilikuwa mnyauko wa migomba. Katika inchi yetu ugonjwa huu ulionekana kwanza Masisi, mwaka 2001, kisha ukafika mpaka Kivu ya Kusini. Mnaujua: majani yanageuka manjano na kulala, ndizi zinaiva mbele ya wakati na ndani zinaoza. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponyesha. Kinachosaidia ni kazi ya mikono: kukata shina lenye ugonjwa mpaka chini, kuvunja kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kile kichwa chekundu kinachoning'inia chini ya mkungu, na kusafisha panga kwa moto ao kwa maji ya klori mbele ya kugusa mgomba mwingine. Tena majirani wafanye wote. Mmoja akikataa, ugonjwa unabaki kwake na unarudi kwa wengine.

Kikao kilikuwa kizuri. Watu waliuliza, walibishana, walikubali yote. Tulifunga kwa furaha.

Kisha wiki tano tulirudi. Watu wane tu ndio walikuwa wamekata. Ndoo ya kusafishia mapanga ilikuwa ingali depo, kavu. Mama mmoja alituambia: « Miye nilizani komite njo italeta klori. » Komite ikasema: « Sisi tulizani ni agronomu. » Na sisi tulizani kila mtu atatumia moto kwake nyumbani. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umevuka njia na kuingia katika shamba la mjane mmoja. Kwa ndizi hizo alikuwa anakamua kasiksi, na kasiksi ndiyo ilikuwa inalipa masomo ya watoto. Zaidi ya nusu ya migomba yake ilipaswa kukatwa.

Mama huyo alikuwa ndani ya kikao. Hakuuliza kitu, na hakuna aliyemuuliza. Alituambia bila hasira: « Tulisema sana siku ile. Lakini nilirudi nyumba bila kujua kesho nafanya nini. »

Tangu siku ile tunafunga vikao kwa namna ingine. Haya ndiyo tunayofanya, na ninyi mnaweza kuyafanya bila sisi.

1. Tunaweka saa ya mwisho pembeni. Kikao cha saa mbili, tunaacha dakika 25 za kufunga. Zikifika, hata kama mazungumzo ni matamu, tunayasimamisha. Neno lililobaki tunaliandika ku karatasi ya « mambo yaliyobaki », na litakuwa la kwanza kikao kinachokuja. Tena tunaachana saa tuliyoahidi. Mama anayetembea saa moja ya mguu hawezi kusikiliza vizuri kama anaogopa giza.

2. Wanachama wenyewe wanarudilia yaliyokatwa. Tulikuwa tunafanya mufupisho sisi, kwa Kiswahili chetu cha shule, na watu wanatingisha kichwa. Kutingisha kichwa si kuelewa. Sasa tunaomba watu watatu waseme tumekubaliana nini, na wa kwanza awe mtu ambaye hajazungumza siku hiyo. Aseme kwa Mashi ao kwa luga anayoweza. Wakisema mambo tofauti, tujue makubaliano hayajakuwa, na afazali kulijua pale pale kuliko kisha wiki tano.

3. Kila kazi inapata jina na siku. Ku karatasi kubwa tunachora mistari mine: kazi gani, nani, siku gani, tutaona ku nini kama imefanyika. « Komite » si jina, « sisi wote » si jina. Tunaandika mtu, na yeye mwenyewe anasema « ndiyo » mbele ya wengine. Kama kazi haina mtu, tunaifuta ao tunaipunguza. Kazi tatu zenye wenyewe zinashinda kazi kumi za ku karatasi. Mwandishi anaweka karatasi ileile ndani ya PV ya chama, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuisoma.

4. Tunapima kwa maharagi. Kuinua mkono mbele ya prezida, mbele ya bwana, mbele ya agronomu, si rahisi. Basi tunaweka vyungu viwili nyuma ya mlango. Kimoja ni « najua nitakalofanya », kingine ni « sijaelewa vizuri ao sikubali ». Kila mtu anapewa haragi moja, anapita peke yake, anatia. Kisha tunahesabu mbele ya wote. Katika kikundi kile cha Kabare, mara ya kwanza, maharagi 9 yalikuwa ndani ya chungu cha pili, na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno. Hatukutafuta ni nani. Tuliuliza tu: « Mtu anaweza kushindwa ku nini? » Mzee mmoja akajibu kwamba wengine wanaogopa kukata mgomba ungali na mkungu juu yake, kwa kuwa wameisha kuahidi pesa yake. Hapo ndipo kikao cha kweli kilianza, na tulipanga siku ingine kwa neno hilo tu.

5. Pesa ya transport isikae mwishoni. Tuseme wazi: kama kuna pesa ya njia, dakika za mwisho kila mtu anaangalia liste. Tunatangaza mwanzoni ni ngapi ao kama haiko, watu wanatia sahihi wakati wa kuingia, na inatolewa wakati wa mapumziko.

6. Neno la mwisho si letu. Watu wanasimama mviringo, kila mmoja anasema neno moja fupi: « Kesho nitafanya... » Asiyetaka anapitisha. Kisha mwanachama mmoja anafunga. Kama ni agronomu ndiye anafunga, kazi inabaki ya agronomu, na siku atakapohamishwa itaenda naye.

Hatusemi kwamba namna hii inaponyesha yote. Shamba la yule mama halikurudi vile lilikuwa. Sasa amepanda maharagi huko akingojea udongo upumzike mbele ya kurudisha migomba yenye afya. Lakini alipewa jina ku karatasi: yeye ndiye anatunza ndoo ya klori, na anajua nani ameikopa na nani hajaikopa. Upande wa juu wa njia, migomba ingali inasimama.

Kidole kimoja hakivunji chawa, ndiyo. Lakini vidole vyote vinapaswa kujua vinakutana wapi na siku gani. Kikao chenu kinachokuja, jaribuni hata moja tu ya njia hizi sita. Mkikosa karatasi kubwa, andikeni ku ukuta kwa makala. Maharagi mnayo.