Gari likisimama miezi mingi, bashi mbaya huliua polepole: namna ya kuchagua inayofaa

Ukipita leo katika mitaa ya Himbi, Katindo au Ndosho mjini Goma na kuchungulia ndani ya parseli, hukosi kuona gari lililoinamia tairi moja, limefunikwa shitingi, na juu ya shitingi yamewekwa mawe ya volkano ili upepo usiipeperushe. Mwenye gari yuko Kampala, Bujumbura au Kinshasa. Au yuko hapa hapa, lakini hana pesa ya mafuta, au anangoja kipuri ambacho hakijafika. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa M23 mwanzoni mwa mwaka 2025, benki zikafungwa na safari zikawa ngumu, magari ya namna hiyo yameongezeka. Kuna teksi, minibasi, malori, hata rimoki zilizoachwa bila kichwa cha kuzivuta.

Kwa familia nyingi gari hilo ndilo akiba yenyewe. Ndilo lililokuwa likilipa minervali ya watoto, na ndilo litakalouzwa siku mambo yakizidi. Kwa hiyo swali la bashi gani ya kulifunika si dogo.

Sisi nyumbani tulijifunza kwa hasara. Teksi yetu ilikaa miezi saba chini ya shitingi ya plastiki iliyobana kila upande hadi chini. Tulipoifunua, viti vilikuwa vimeota ukungu, rangi ya paa ilikuwa na madoa meupe, na chini ya milango kutu ilikuwa imeanza kula bati. Tuliamini tumeilinda na mvua, kumbe tulikuwa tunaipika kwa mvuke wake wenyewe.

Maji yanayotoka chini

Watu wengi wanapochagua bashi huuliza jambo moja tu: je, inapitisha mvua? Wanasahau kwamba maji mengine hutoka chini. Udongo wa parseli una unyevu. Jua la mchana hupasha joto hewa iliyo chini ya bashi, na unyevu wa ardhi hupanda kama mvuke. Usiku unapopoa, mvuke ule hugeuka matone upande wa ndani wa plastiki na kudondokea paa la gari. Kesho yake inakuwa vile vile. Gari linalowa kila usiku hata kama mvua haijanyesha.

Ndiyo maana bashi nzuri ya gari la kusimama muda mrefu inatakiwa kufanya kazi mbili: kuzuia maji ya juu, na kuacha mvuke wa ndani utoke. Kama kitambaa chenyewe hakipumui, basi lazima upepo upate njia ya kupita chini yake.

Goma ina adui wa ziada

Wakaaji wa Goma wana jambo jingine la kufikiria. Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi nyingi yenye salfa. Gesi hiyo ikikutana na mvua au umande huwa asidi. Kila aliyejenga karibu na volkano anajua jinsi mabati yanavyooza upesi, na bati la gari halina ujanja mwingine.

Siku nyingine huanguka majivu. Majivu ya volkano si kama ya jikoni: ni vipande vidogo sana vya mawe na kioo. Ukiyapangusa kwa kitambaa kikavu, yanakwaruza rangi na vioo kama msasa. Na ukivuta bashi iliyojaa majivu juu ya gari, umefanya jambo lile lile. Yafagie kwanza polepole kwa ufagio laini, kisha mwagia maji mengi kabla ya kuifunua. Tunajua kwamba Goma maji ni bidoni na bidoni ni pesa, lakini bidoni mbili ni rahisi kuliko kupaka rangi upya.

Asidi hii inabadilisha hata uchaguzi wa kitambaa. Pamba na nailoni hudhoofika zikikutana na asidi mara kwa mara. Poliesta na plastiki huvumilia zaidi. Angalia pia macho ya chuma ambamo kamba hupita: yakiwa ya chuma dhaifu yataoza kabla ya bashi yenyewe, na siku ya upepo mkali yatang'oka yote.

Aina nne utakazokutana nazo

Ya kwanza ni shitingi ya plastiki iliyofumwa, ile nyepesi ya buluu, nyeupe au kijani. Ni rahisi kupata na huzuia mvua vizuri ikiwa mpya, lakini haipumui. Sisi tuko karibu na ikweta, na Goma iko kwenye mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la huku lina nguvu, na shitingi hafifu hukauka, ikapasuka nyuzi na kuacha unga wa plastiki juu ya gari. Inafaa kwa majuma machache, au ikitandazwa juu ya miti kama paa, isiguse gari.

Hapa kuna neno la kusema wazi. Shitingi zenye alama za mashirika ya misaada zinauzwa hapa na pale sokoni. Zile zilitolewa ziwe paa la mtu aliyekimbia vita. Kuinunua ili kufunika gari ni kusaidia biashara inayomwacha mama na watoto kwenye mvua.

Ya pili ni bashi ya malori, nzito, ya poliesta iliyopakwa plastiki pande zote mbili. Ni imara kabisa, na kwa lori au rimoki yenye vyuma vya kuishikilia hakuna inayoishinda. Lakini haipumui hata kidogo, na uzito wake husugua rangi. Kwa gari dogo, iweke juu ya miti au mabomba, ikiwa na nafasi ya angalau mkono mmoja kati yake na paa.

Ya tatu ni turubai la pamba. Linapumua, na likilowa nyuzi zake huvimba na kuziba maji. Lakini likikunjwa likiwa bichi linaoza, na kwa asidi ya Goma halina maisha marefu. Linafaa zaidi mahali pakavu, mbali na volkano.

Ya nne ni kifuniko kilichoshonwa kwa umbo la gari, cha kitambaa cha tabaka kadhaa, chenye mpira pembezoni na mikanda ya kupita chini. Kizuri huzuia mvua na kupitisha mvuke. Kwa gari la kusimama miezi mingi ndicho cha kwanza kutafuta. Tatizo ni kwamba kuna vingi vyembamba ambavyo ni plastiki tupu iliyoshonwa vizuri. Ndiyo maana inabidi kupima kabla ya kulipa.

Pima ukiwa bado sokoni

Uwe Birere mjini Goma au Kadutu mjini Bukavu, majaribio haya hayahitaji mashine yoyote.

Inua bashi kuelekea jua. Ukiona vitundu vya mwanga kwenye mishono, hapo ndipo maji yatakapopita.

Mwagia maji kidogo juu yake, usugue upande wa chini kwa kidole. Kidole kikilowa, iache.

Omba kikombe cha chai ya moto. Funika mdomo wake kwa pembe ya kitambaa, kisha weka kioo au glasi baridi juu. Glasi ikipata ukungu, kitambaa kinapumua. Ikibaki kavu, unanunua plastiki.

Gusa upande wa ndani. Ukiwa mkavu na mkali kama gunia, utasugua rangi kila upepo ukivuma. Unatakiwa kuwa laini.

Hesabu vipimo kabla ya kutoka nyumbani

Watu wengi hununua bashi kwa macho, kisha wanagundua inafika dirishani tu. Pima urefu, upana na kimo cha gari. Chukua mfano wa minibasi yenye urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2. Ili bashi bapa ishuke pande zote hadi sentimita 30 kutoka chini, inahitaji karibu mita 8.1 kwa mita 5.1. Shitingi ya mita 6 kwa 4 itafunika paa na vioo vya ubavuni, na mbele na nyuma itaning'inia sentimita 65 tu.

Zile sentimita 30 za chini usizizibe. Ndiyo mlango wa upepo.

Kabla ya kufunika na baada

Bashi bora juu ya gari chafu ni kazi bure. Osha gari, lianike hadi likauke kabisa, kisha lifunike siku ya jua. Toa mazulia na kila mabaki ya chakula, maana panya hufuata harufu na huishia kula nyaya. Ondoa waya mmoja wa betri. Jaza tairi upepo, au nyanyua gari juu ya magogo imara. Funga vitambaa vya zamani kwenye pembe zote kali: vioo vya pembeni, antena, kereti la paani. Hapo ndipo bashi huanza kutoboka.

Kamba ipite chini ya gari, si juu ya rangi. Na yale mawe yaondoe: yanatoboa bashi, na yakiteleza yanavunja kioo. Ukitaka uzito, ning'iniza chupa za maji kwenye macho ya bashi.

Kisha, mara moja kwa juma, fungua bashi saa za jua na uache hewa ipite. Kama mwenye gari yuko mbali, amwachie ndugu au mlinzi kazi hiyo na amwoneshe namna ya kuifanya.

Kila mji na bashi yake

Bukavu adui mkubwa ni mvua ya Septemba hadi Mei, basi chagua kinachopumua na uhakikishe maji hayatuami juu ya paa. Uvira, kando ya Tanganyika, joto ni kali zaidi, kwa hiyo rangi nyeupe au ya fedha hupunguza moto. Lubumbashi kiangazi ni kirefu na vumbi jekundu huingia kila mahali, huko kinachotakiwa ni kifuniko kinachobana vizuri. Goma tafuta poliesta, macho yasiyooza, na ufagio laini.

Na kama huna pesa ya kifuniko kizuri leo, simika miti minne, tandaza shitingi yako juu yake kwa mteremko, uache pande wazi. Gari litapata vumbi kidogo, lakini litabaki kavu. Vumbi huoshwa kwa bidoni moja. Kutu haioshwi.